Pumzi Iliyokatika Kwenye Flashi

Kila asubuhi nilikamua mbuzi, kisha nikaweka glasi ya maji dirishani. Maji yalikuwa ya marehemu mume wangu, Stamen. Huku kwetu milimani roho hukaa nyumbani siku arobaini kabla ya kuanza safari yake, na msafiri huona kiu.

Stamen alikuwa mpigaji wa gaida, lile zumari la mfuko wa ngozi ya mbuzi. Alikuwa na wimbo wake mwenyewe ambao hakumfundisha mtu. Aliupiga mbele ya kamera mara moja tu, mwishoni mwa video ndefu. Video hiyo ilikuwa kwenye kadi moja ya kamera, basi. Ikipotea, na wimbo umekwenda.

Tulitaka usikike kwenye ukumbi wa kijiji siku ya arobaini. Zilibaki siku tatu. Mkaza mwanangu, Zdravka, akachomeka kadi na flashi kwenye kompyuta ili anakili.

"Flashi ina nafasi ya GB thelathini na mbili, mama," alisema. "Video ni GB sita na nusu. Itaingia na nafasi itabaki."

Mstari ukatembea. Ulipofika asilimia sitini na moja, ukasimama. Akajaribu tena. Sitini na moja. Akachukua flashi nyingine, mpya kabisa. Sitini na moja.

Tukafungua kipande kilichoingia. Stamen ameketi kwenye kigoda, anasimulia habari za mbuzi wake. Kisha anaweka bomba mdomoni, anapuliza. Pumzi ikaingia kwenye ngozi, tukaisikia. Halafu kimya. Uso ukaganda, mashavu yamejaa, macho yanatutazama. Kila flashi, pale pale.

Nje ukungu ulikuwa umemeza zizi. Mbwa hakubweka tangu alfajiri.

"Kaka yangu hataki," alisema wifi yangu, Minka. "Hajatimiza arobaini. Mnamtoaje nyumbani kwa nguvu?"

"Mbona kwenye kadi anapiga mpaka mwisho, shangazi?" Zdravka akauliza.

"Kadi inakaa ndani. Hiyo flashi inatoka."

Sikucheka. Niliishi na Stamen miaka hamsini. Ukaidi wake naujua.

Zdravka akachomoa kadi, akaipachika kwenye luninga yetu ya zamani ili tuutazame wimbo wote pale. Maandishi yakatokea kwenye kioo cheusi: *Kadi haisomeki. Ifomatiwe? Ndiyo. Hapana.*

"Inaomba ruhusa," Minka akanong'ona. "Mpe ruhusa aondoke."

Kidole cha Zdravka kikaenda kwenye Ndiyo.

"Usibonyeze hiyo!"

Alikuwa jirani yetu Rusana, amesimama mlangoni na bakuli la ngano ya kuchemsha. Rusana hupiga video za harusi mabondeni. Akaweka bakuli chini, akachomoa kadi polepole.

"Kufomati ni kufuta," alisema. "Ungebonyeza, mzee angekufa mara ya pili."

Tukamweleza habari ya sitini na moja.

"Wewe unajua harusi," Minka akamwambia. "Matanga huyajui."

"Matanga nakuachia, shangazi. Mimi niachie flashi." Akanigeukia. "Mama, kule chini kwenye ghala lako una rafu za mitungi. Pipa la kabichi linakaa juu ya rafu hizo?"

"Halikai. Rafu ni fupi."

"Hata zikiwa tupu?"

"Hata zikiwa tupu."

"Basi ndiyo hayo. Kila flashi na kila kadi hupangwa rafu ndani kabla ya kutumika. Upangaji huo ndio kufomati. Flashi zenu zimepangwa kwa mtindo wa zamani, FAT32. Vifaa karibu vyote huusoma, lakini haupokei faili moja linalozidi GB nne. Video yenu ilifika nne, ikagonga dari. Stamen hana kosa."

"Na kadi?" nikauliza.

"Imepangwa kwa exFAT. Mtindo huo hupokea mafaili makubwa, ila luninga yako ya zamani haiujui. Ndiyo maana ilisema haisomeki. Haikuwa imeharibika."

"Shangazi kasikia mtindo mwingine, NTFS, huko redioni," Zdravka akatania.

"Upo pia," Rusana akajibu. "Ni wa kompyuta za Windows. Luninga nyingine huukataa. Ya ukumbini ni mpya, exFAT inasoma. Nimeijaribu mwenyewe."

Kwanza alinakili video kutoka kwenye kadi hadi kwenye kompyuta. Pili akatazama kama flashi ina kitu cha maana, maana ikifomatiwa kila kitu hufutika. Haikuwa nacho. Akachagua exFAT, akaifomati, akaanza kunakili.

Hamsini na tisa. Sitini. Sitini na moja. Minka akajishika shingo. Sitini na mbili.

Rusana akangoja mpaka mia, akaiamuru kompyuta iiachie flashi, ndipo akaichomoa. Kesho yake tukaenda kuijaribu ukumbini. Kadi nikaifunga kwenye bahasha, nikaandika jina.

Siku ya arobaini watu walijaa. Stamen akatokea kwenye kioo, akasimulia habari za mbuzi, akaweka bomba mdomoni. Pumzi ikaingia. Sisi wote tukabana zetu.

Wimbo ukatoka. Ulikuwa mrefu, na haukufanana na wimbo wowote wa kwetu.

Wimbo ukaisha. Minka akainuka, akafungua mlango wa ukumbi, akasogea pembeni kama anayempisha mtu. Baridi ikaingia. Tukakaa nayo, hakuna aliyemwambia afunge.