Kibuyu Mbele ya Kofia

Saa moja u nusu asubuhi, Ijumaa moja ya mwaka 1992, Pudentienne alivuta droo ya bosi wake akaikuta tupu. Bahasha yenye majina hamsini ya wadhamini haikuwepo. Kama isingefika ofisi ya chama kabla ya saa sita mchana, bosi huyo, Maître Kamanzi, wakili katika mtaa wa Rwezamenyo, asingegombea uenyekiti wa mtaa huo.

"Ni Léonidas," alisema Kamanzi kwa sauti, akiwa mlangoni. "Nani mwingine anakitaka kiti hicho?"

Léonidas alitoka nyumba ya pili, povu la mswaki mdomoni.

"Ndiyo kwanza naamka. Nikitaka kukushinda, Maître, nitakuacha uhutubie. Watu watasinzia wenyewe."

Hata Kamanzi alicheka.

Pudentienne akapiga hesabu. Alifungua ofisi saa moja kamili, akavuka barabara kufuata chai, akarudi baada ya dakika ishirini. Akatoka nje. Wateja walikuwa wakiota jua mkekani, vitu vyao vikiwashikia foleni juu ya benchi kama kawaida: kibuyu, kofia, kiatu kimoja.

"Mzee Habumugisha, ulifika saa ngapi?"

"Saa moja na dakika kumi, redio inasoma habari. Mlango wazi, wewe hupo. Kofia ni yangu."

"Na wewe, Mama Mukandekezi?"

"Sasa hivi, mwanangu," alijibu mjane huyo bila kuinuka. "Hata pumzi sijapata."

"Kibuyu ni cha nani?"

"Changu."

"Umefika sasa hivi, na kibuyu chako kiko mbele ya kofia ya mzee?"

"Angeisogeza kofia yangu," alisema Habumugisha, "leo tungekuwa na kesi nyingine."

Mukandekezi alikitazama kibuyu kama shahidi aliyemgeuka. Kisha akajiinua kidogo, akaitoa bahasha aliyokuwa ameikalia.

"Jumatatu kiwanja changu kinaamuliwa," alimwambia Kamanzi. "Ukishakuwa mkubwa, nani atanisemea?"

Kamanzi akaketi mkekani kando yake.

"Jumatatu nitafika mahakamani kabla yako, Mama."

"Kabla yangu? Hakuna anayefika kabla yangu."

Saa tano u nusu Kamanzi aliipeleka bahasha mwenyewe, Pudentienne akimfuata nyuma.

Jumatatu alfajiri Mukandekezi alifika mahakamani na kibuyu chake. Mwanzo wa benchi ulikuwa umeshachukuliwa. Joho jeusi la wakili lilikuwa pale, limekunjwa vizuri. Pudentienne, aliyekuwepo, analiona akilini hadi leo.