Kopo la Bibi Rhobi

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025. Asubuhi hiyo ukungu mzito ulifunika Nyakunguru, na matope ya mvua ya jana yalinata viatuni. Gati, msichana wa darasa la saba, alirudi kutoka kuchota maji akamkuta Bibi Rhobi mlangoni pa jiko, ameshika fimbo ya kuchungia ng'ombe.

“Kunywa mpaka nione chini ya kikombe,” bibi alimwamuru Luciana, mama yake Gati.

Bibi Rhobi hakujaliwa mtoto wa kiume. Kwa mila ya Wakurya, inayomruhusu mwanamke kuoa mwanamke mwenzake, alitoa ng'ombe wa mahari, akamwoa Luciana ili aizalie nyumba yake watoto kwa mwanamume mwingine. Sasa Luciana alikuwa mjamzito, na bibi alitaka mvulana mnene kama yule wa kwenye picha ya kopo la uji aliokuwa akimnywesha. Kopo hilo la unga wa lishe, mtamu kama sukari, alilinunua kwa Faustine, mchuuzi wa pikipiki.

“Mama, nesi alisema nina kisukari cha mimba,” Luciana alisema kwa unyonge. “Nashinda na kiu. Macho yanaona giza.”

“Huyo nesi amezaa wangapi? Faustine amesema kopo hili linatosha kila kitu. Hata vile vidonge vya kliniki nimevitupa chooni.”

Gati aliomba moyoni, “Ee Mungu, nisaidie.” Kisha akanyakua kopo na kuumwaga unga wote kwenye matope.

Fimbo ilimshukia mgongoni, halafu shavuni. Damu ikamjaa mdomoni. Luciana alijitupa katikati, fimbo ikampiga begani. Akayumba, akaanguka. Alipoitwa hakuitika.

Bibi alipiga yowe, lile linalopigwa ng'ombe wakiibwa. Wanaume wakaja mbio na marungu na mapanga.

“Nani amefanya hivi?” aliuliza Heche, jirani yao.

“Faustine! Unga wake!” bibi alilia. Fimbo yake hakuitaja.

Faustine alikuwa bado barabarani akiuza. Heche alimpiga rungu la mdomo, jino likatoka. Wengine wakamkanyaga kifuani. Mmoja akafungua chupa ya petroli juu ya pikipiki yake.

“Mura, lete kiberiti!” alimwagiza kijana aliyekuwa kando.

Gati, aliyewafuata mbio, alipenya katikati ya miguu yao, akaikumbatia pikipiki.

“Msiichome! Mama bado anapumua! Wote mnapiga, nani anambeba?”

Rungu la Heche lilibaki hewani. Faustine akainuka akitema damu. “Mpakieni,” alisema. “Nitaendesha.”

Heche mwenyewe alimbeba Luciana kutoka nyumbani, akakaa nyuma na kumshikilia mpaka hospitali.

Jioni Luciana alifumbua macho. Moyo wa mtoto tumboni ulikuwa unadunda vizuri. Gati alipiga magoti kando ya kitanda na kushukuru, ingawa shavu lilikuwa limevimba hata kutamka kukawa shida.

Nesi Beatrice, aliyekwisha kusimuliwa habari ya unga, vidonge na pikipiki, aliwatazama wote: bibi, Heche, na Faustine mwenye bandeji.

“Sukari yake ilipanda sana,” alisema. “Mtoto wa mama mwenye kisukari anaweza kunenepa kupita kiasi, akashindwa kutoka. Unene huo si afya. Unga wa kopo, hata wenye picha nzuri, mjamzito asiutumie kabla ya kutuuliza. Na vidonge tulivyompa vya kuongeza damu havitupwi. Wewe Faustine, uliuliza?”

“Sikuuliza, dada. Niliona picha ya kwenye kopo tu.”

“Na nyie wengine, rungu halijawahi kushusha sukari ya mtu. Kama si huyu binti, mngechoma usafiri wa mgonjwa wenu.”

Heche aliinamisha kichwa. “Nisamehe, Faustine.”

Bibi Rhobi alilitazama shavu la Gati. Kisha akamkabidhi fimbo yake, akasimama katikati ya wodi.

“Sikieni nyote, na Mungu asikie. Mimi ndiye niliyempiga mke wangu, nikamsingizia mwingine. Kuanzia leo atakula kama nesi anavyosema. Na mkono huu hautampiga tena, wala hautampiga Gati. Hata mke wangu akizaa msichana.”