Mafuta ya Cherehani

Pedali ya klachi ilizama hadi sakafuni na haikurudi. Ilikuwa pale penye njia panda ya soko, saa ya watu kutoka kazini. Gari dogo jekundu la viti viwili likakwama, na mabasi nyuma yake yakapiga honi kama yamepandwa na wazimu. Mshonaji aliyekuwa akiliendesha aliusukuma mkono wa gia mbele, akauvuta nyuma. Gia zikasaga meno, hakuna iliyoingia.

"Weka gia, dada!" akapiga kelele mwanamume mmoja dirishani mwa basi.

"Aweke gia gani?" akajibu mwingine. "Hilo ni la mashindano ya enzi za bibi yangu!"

Kitu kikamlowesha mguu. Aliinama, akaona majimaji meusi yakichuruzika kutoka juu ya pedali hadi kwenye kiatu chake cheupe. Yalinuka kama samaki wa juzi. Alijifunika pua kwa pindo la gauni lake la njano.

"Usiikanyage tena," sauti ikasema. "Toa gia, shika usukani, mimi nasukuma."

Alikuwa mwanamume mrefu, ovaroli yake ngumu kwa grisi, mikono myeusi hadi viwikoni.

"Kwa mikono hiyo? Utanichafulia rangi!"

"Basi nisukume kwa meno?"

Mshonaji alicheka bila kupenda. Gari likasukumwa hadi gereji iliyo nyuma ya ukuta wa soko, ambako watu walimwita yule fundi Taratibu, kwa kuwa hakuwahi kuonekana akikimbia.

Gereji ilimchefua. Sakafu ilinata. Kwenye beseni la kunawia povu lilikuwa la kijivu, na nywele za mtu zilikuwa zimeganda ukingoni. Alisimama katikati, kakumbatia gauni la bibi harusi alilolishona, likiwa ndani ya mfuko, asiguse kitu.

"Ukikanyaga klachi," Taratibu alimweleza, "mafuta ya breki yanasukumwa kwenye bomba, nayo yanaifanya klachi iachane na injini. Hapo ndipo gia inaingia. Sasa raba za kuzuia mafuta zimekwisha, mafuta yanavuja, klachi haiachi. Nitabadilisha raba zote. Kikopo hiki cha mafuta ukikiona kimepungua, nipigie simu."

"Nipige tu kikipungua?"

"Hata kikiwa kimejaa."

Mshonaji akapiga. Gari lile aliachiwa na mjomba aliyemlea, na mwanzoni walizungumza habari za gari tu. Kisha wakazungumza habari za mjomba. Mwishowe ikawa simu haiitikiwi bila utani.

"Gauni la Njano, umekula?"

"Nimekula, Bwana Grisi. Na wewe umeoga?"

"Nimejisugua mpaka ngozi inalalamika."

Na kweli, siku Taratibu alipokuja kumtembelea kwenye chumba chake cha ushonaji, alikuwa na shati jeupe na harufu ya sabuni. Lakini chini ya kucha mstari mweusi ulikuwa palepale, na nyufa za viganja zilikuwa zimemeza oili ya miaka. Mshonaji alimtazama akishika kikombe chake cha chai, kikombe anachonywea mwenyewe kila siku, akatamani kumpokonya. Taratibu alipotaka kumshika mkono, akajifanya anatafuta sindano. Mwanamume akaona. Akaiweka mikono yake chini ya meza, ikakaa huko mpaka alipoaga.

Kila alfajiri mshonaji alipiga magoti. "Ee Mungu, mtu huyu nampenda. Niondolee kinyaa hiki." Akainuka nacho.

Siku moja alifungua boneti, akaona kikopo kimepungua kidogo. Alifungua kifuniko. Ile harufu ya samaki ikamrukia. Kwa nini atie tena uchafu ule? Alikwenda ndani akachukua chupa ya mafuta ya cherehani, meupe, masafi, yasiyo na harufu, ambayo hayakuwahi kuharibu mashine yake yoyote. Alijaza kikopo pomoni. Akafunga boneti kwa fahari, kama mtu aliyemwogesha mtoto wa jirani.

Haukupita muda mrefu, pedali ikaanza kuwa nzito. Kisha ikawa ikikanyagwa inabaki chini, na rivasi ikiguswa inapiga yowe. Gari likamfia mbele ya nyumba ya mteja, amebeba gauni la harusi la mteja huyo. Mama wa bibi harusi alitoka, akamtazama juu hadi chini, akasema, "Kumbe fundi wetu wa magauni anatembelea mkokoteni."

Alimpigia dada yake huku machozi yanamtoka.

"Mdogo wangu, hujui mafundi?" dada akasema. "Leo anakaza, kesho analegeza, ili urudi. Na wewe umerudi na moyo juu yake!"

Ikamwingia kama tope. Aliona simu zote zile, vicheko vyote vile, vimepakwa uchafu. Akampigia Taratibu.

"Ulilegeza makusudi."

"Nini, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi! Unanitia kinyaa."

Taratibu akasema polepole, "Kwamba mikono yangu inakutia kinyaa, nilijua. Nilidhani ni mikono tu."

Akakata simu. Hata hivyo alikuja, akalivuta gari, asimtazame usoni.

Kesho yake mshonaji alikwenda gereji kulihamishia gari kwa fundi mwingine. Alimkuta Taratibu amekaa kwenye tairi, raba alizotia mara ya kwanza ziko kiganjani. Zilikuwa zimevimba na kulegea kama maharage yaliyolala majini. Akazinusa.

"Nani aliongeza mafuta humu?"

"Mimi."

"Mafuta gani?"

"Ya..." Kabla hajamaliza, mwenyewe alikuwa ameshaelewa kosa lake. "Ya cherehani."

"Mafuta hayo yanakula raba hizi. Kwa nini hukunipigia?"

"Yale yako yananuka."

"Na mimi? Nanuka?"

Angeweza kudanganya. "Ndiyo," akasema. "Mara nyingine unanuka. Lakini nilikutukana kwa kosa langu mwenyewe, na leo najinukia mimi zaidi. Nisamehe."

Taratibu alizitupa raba kwenye debe. "Nimesamehe. Ila msamaha hauoshi kucha. Hii ndiyo kazi yangu, na mikono hii haitatakata. Ukinitaka, unanitaka nayo. Usiponitaka, nitatengeneza gari, utaondoka kwa amani."

Aliosha bomba, akatia raba nyingine na mafuta yanayostahili. Kisha akasimama.

"Imebaki kutoa upepo kwenye bomba. Kazi hiyo ni ya watu wawili, mmoja akanyage, mwingine alale chini afungue koki. Jirani anayenisaidia ametoka. Kaa umngoje."

Mshonaji alitazama sakafu inayonata. Alitazama ovaroli ya akiba iliyoning'inia msumarini, makwapa yake yamekauka chumvi ya jasho. Akaivaa juu ya gauni. Kola ilipomgusa shingo alifumba macho. Kisha akalala chali, akajiburuta chini ya gari.

"Unafanya nini wewe?"

"Koki iko wapi?"

Taratibu akamwelekeza. Akapanda, akakanyaga.

"Shikilia!" mshonaji akaamuru. Akalegeza koki. Povu la mafuta likatoka likitema upepo, likakokota vumbi na grisi, likamteremkia mkononi hadi kwenye kiwiko, la vuguvugu. Alimeza mate mara mbili asitapike. Akafunga. "Achia. Kanyaga tena."

"Hiyo ovaroli imekukaa kama gunia la mkaa," sauti ikashuka kutoka juu.

"Kanyaga, usichonge mdomo."

"Nimekanyaga. Nikuulize kitu?"

"Shikilia kwanza!"

"Nimeshikilia. Utaolewa na mimi?"

Koki ilikuwa wazi. Mafuta yalimdondokea shavuni, na harufu ya samaki ikamjaa puani. Aliyaacha yatoke mpaka yakaja bila povu, akaikaza koki kwa nguvu zake zote.

"Wazee wako waje kwa dada," akasema. "Tena wajiandae, ana ulimi."

Alipojiburuta nje, uso madoadoa, Taratibu alikuwa ameinama anamnyooshea mkono, kisha akausitisha katikati, akitafuta kitambaa cha kuufutia. Mshonaji aliudaka kabla haujarudi. Ulikuwa na utelezi kama wake. Kinyaa bado kilikuwepo, kimetulia palepale tumboni. Hakuuachia.