Waipa Zinazovuta Pumzi

Siku hiyo mtaa mzima wa vipuri uliacha kazi ili kulitazama lori. Wauza matairi walisimama, wauza betri wakasogea, hata mama wa chai akaacha birika likafurika. Lilikuwa lori la zamani za kale, pua ndefu, taa za mviringo, rangi ya samli, nalo lilipita katikati ya watu kwa madaha yake mwenyewe. Likasimama mbele ya kibanda cha Sindano.

Jina hilo alipewa na mtaa, maana alishona viti vya magari na ulimi wake nao ulichoma. Alikuwa amefunga kitambaa cha kijani kichwani, aproni ya jinzi imejaa pini kifuani. Aliyeshuka garini alikuwa kijana mrefu, shati jeupe lililonyooshwa vizuri, ambaye kazi yake ilikuwa kuwahamishia watu vyombo. Walimwita Babu, kwa kuwa lori aliachiwa na babu yake na alilisimulia kana kwamba wamezaliwa pamoja.

"Kiti kimechanika, fundi. Naomba unishonee."

Sindano akakitazama. "Kiti chenyewe kimenizidi umri. Nianze na shikamoo?"

Babu alicheka mpaka akaegemea mlango. Kisha akaanza kulisifu lori lake: kila kitu ni kilekile cha kiwandani, hakuna kibovu hata kimoja. Ili kumthibitishia akawasha injini, akamwagia kioo maji na kuvuta kitufe. Waipa mbili fupi zikaanza kucheza, upesi upesi, kioo kikabaki kinang'aa. Sindano aliduwaa. Hakuwahi kuona kitu kizee chenye furaha namna ile.

Kiti kilishonwa kikaisha, lakini Babu hakuacha kuja. Mara uzi umelegea, mara sponji imebonyea, na ukikikagua kiti hukuona kasoro yoyote. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na mtaa ukaanza kuwatania. Simu nazo hazikukatika: asubuhi Babu ampigie kumuuliza kama ameamka salama, mchana kumuuliza kama amekula, jioni kumwambia kwamba hakuwa na la kusema, alitaka tu kuisikia sauti yake.

Ndipo siku moja akamwambia twende kwa mama.

Sindano aliingiwa na hofu. Aliwahi kupelekwa kwa watu. Mchumba wa kwanza alimwacha sebuleni, na kupitia ukutani akawasikia wakimjadili: umri umekwenda, mikono yake migumu kama ya mwanamume, huyo hatufai. Alitokea mlango wa nyuma bila kuaga. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini Babu alimpenda na yeye alimpenda Babu, basi akajikaza. Akavaa gauni la rangi ya zambarau na viatu vya mikanda, akajipaka mafuta mikononi kwa muda mrefu kuliko usoni.

Mama yake Babu alikaa juu ya kilima. Mvua iliwakuta wakianza kupanda. Babu akakanyaga mafuta, lori likanguruma, na waipa zikasimama katikati ya kioo. Akaachia mafuta, waipa zikaamka, lori likazubaa. Akakanyaga, akaachia. Sindano aliutazama ule mguu.

"Mbona kila saa unapunguza mwendo?"

"Kioo tu, mpenzi."

"Kioo kina nini? Na waipa unazizimazima ya nini? Si ulisema hakuna kibovu?"

 Babu angesema neno moja tu, mambo yangekwisha palepale, lakini majisifu yake yalimzuia.

"Kama hutaki tufike, sema," Sindano akamwambia.

"Nataka tufike," akajibu, macho kwenye kioo, na mguu ukaachia mafuta tena.

Sindano hakungoja zaidi. Lori lilikuwa likitambaa. Akafungua mlango, akashuka kwenye tope na viatu vyake vya mikanda, akateremka mbio. Babu hakuweza kuliacha gari mlimani. Alipopata pa kuegesha, Sindano alikwisha kupanda teksi analia.

Simu zilipigwa zikachoka. Alipokea moja tu, akasema, "Nimeshakaa kwenye sebule ya watu mara moja, inatosha," akakata.

Mvua ziliendelea. Asubuhi moja Babu akaja kwa miguu, amekonda, amebeba kifurushi cha kitambaa.

"Nimekuja kwa fundi wa ngozi. Sikuja kwa mpenzi wangu."

"Mpenzi wako hayupo," akasema Sindano.

"Basi nipe fundi."

Ndani ya kifurushi mlikuwa na kijisanduku cha chuma, mkono wa waipa na kipande cha bomba la mpira. Sindano akafungua skrubu. Akatafuta waya, hakuona. Aliona ubapa mmoja tu kama mlango mdogo, pembeni umezungukwa na ngozi iliyokauka ikajikunja. Akauliza kinaendeshwa na nini.

"Pumzi," Babu akasema. "Injini ikivuta hewa kupitia bomba hili, ubapa huu nao unavutwa."

Sindano akamkata jicho, lakini kazi ni kazi. Akasafisha uchafu kwa mafuta ya taa, akakata ngozi mpya kutoka kipande laini kuliko vyote alivyokuwa navyo, akailowesha mafuta, akaibonyeza kwa kidole gumba mpaka ikatii. Bomba lilikuwa na ufa. Akaukata upande mbovu, akafunga.

"Sasa vuta hewa bombani kwa mdomo," akasema Babu.

Akavuta. Mkono wa waipa uliokuwa umelala mezani ukainuka, ukapita juu ya meza ukikokota vipande vya uzi. Akavuta tena, ukarudi. Sindano akasahau kununa. Chuma kilichozaliwa kabla ya mama yake kilikuwa kikitembea kwa pumzi ya kifua chake mwenyewe, na machozi yakamlengalenga bila yeye kujua sababu.

"Sasa fikiria unapanda mlima," Babu akasema polepole. "Ukikanyaga mafuta, injini haivuti tena huku. Waipa zinalala, huoni njia. Lazima uachie kidogo, zifute, ndipo uende."

Sindano akaliweka bomba chini. "Kwa nini hukusema?"

"Nilikwambia hakuna kibovu. Nikaona haya."

"Ukaona bora niondoke?"

"Nilikuwa mjinga. Nimebeba makabati ya watu, friji, vioo virefu kuliko mimi. Sijawahi kuogopa mzigo kama siku ile. Nilikuwa nimekupakia wewe, na mbele sioni."

Sindano akavua aproni.

Walipanda kilima mvua ikinyesha. Kwenye mwinuko mkali waipa zikachoka, zikalala. Babu akamtazama kwa wasiwasi.

"Achia mafuta," Sindano akasema. "Sina haraka."

Waipa zikaamka, kioo kikang'aa, na pale juu Sindano akaiona nyumba, na mwanamke mfupi amesimama mlangoni.

Walipofika, Sindano akashuka, akaamkia. Mama akaitikia, kisha akabaki anamtazama.

"Wewe ndiye uliyeshuka pale kwenye kona."

"Ndiye mimi, mama."

"Nilikuwa nimesimama hapahapa. Nikaona mlango unafunguka, mtu anashuka, anakimbia. Nikasema, ameiona nyumba yangu tu, amenikataa." Akagusa ukuta, ambao ulinuka rangi mbichi. "Tangu siku hiyo napaka rangi. Sikujua ubaya uko wapi."

 Miaka yote hiyo Sindano alibeba uchungu wa kukataliwa, wala hakujua kwamba naye ameshamtwisha mtu mwingine. Akaishika mikono ya yule mama, migumu, rangi imekauka kwenye kucha.

"Nyumba haina ubaya, mama. Nisamehe. Nimekuja, kama bado unanitaka."

"Ingia, mwanangu," mama akasema. "Unalowa."