Miche Saba Kwenye Kifusi

Kila Jumamosi, kabla karasha za kusaga mawe ya dhahabu hazijaanza kunguruma ng'ambo ya bonde, Limi alichukua daftari lake la jalada la bluu, akajifunga kanga ya mama yake kiunoni, akaenda kutazama mihogo. Hakwenda kupalilia wala kuchimba. Alipita mche mmoja baada ya mwingine, akigeuza majani kwa vidole, kama mtu anayewaamkia wazee waliokaa mstari.

Kazi hiyo alipewa na Daktari Eufrasia, mtafiti wa mimea aliyefika kijijini kwao, nje kidogo ya Masumbwe, mwanzoni mwa mvua za mwaka uliopita. Daktari alitafuta mkulima wa kupanda miche arobaini ya mbegu mpya ya muhogo, ili aone kama itahimili batobato. Ugonjwa huo huyakunja majani na kuyatia madoa ya njano, mmea ukadumaa, na watu wakavuna mizizi kama vidole. Wengi walikataa. Aliyekubali ni Bujiku, baba yake Limi.

Bujiku alikuwa mchimbaji wa dhahabu mpaka duara lao, lile shimo walilokuwa wakichimba, lilipoporomoka na kumvunja mguu. Mguu ulipona, lakini alichechemea. Alirudi kwenye jembe, na jirani yake Marcel hakumwacha apumue.

"Bujiku! Wenzako wanachimba dhahabu, wewe unachimba mihogo?"

"Dhahabu haisongi ugali," Bujiku alijibu, kisha akaendelea kulima. Lakini Limi, ambaye macho yake hayakukosa kitu, aliona jinsi baba yake alivyolikaza jembe mkononi.

Daktari Eufrasia hakuwa kama wataalamu wengine waliopita hapo. Asubuhi alichuchumaa shambani, lenzi ndogo jichoni, akikagua nzi weupe chini ya majani. Mchana alikaa kwenye kigoda cha Mama Limi, akaandika makala ya gazeti. Siku moja Limi alishindwa kuvumilia.

"Shikamoo Daktari. Hivi wewe ni mtu wa mimea au mtu wa magazeti?"

"Marahaba, mwanangu. Yote mawili," alijibu akicheka. "Asubuhi ninauuliza mmea maswali. Mchana ninawaeleza watu mmea ulivyonijibu. Kuna wanaojua mimea lakini maandishi yao hayamfikii mkulima. Kuna wanaoandika vizuri lakini hawajawahi kugeuza jani. Mimi nilitaka kuwa katikati."

Ndipo alipompa Limi daftari. Kila wiki aandike hali ya kila mche: mzima, umeanza kuugua, au umeugua sana. "Andika ulichokiona," alisisitiza, "si ulichotamani kukiona."

Miezi minne ilipita salama. Mwezi Machi, Daktari alituma ujumbe kwamba angekuja Jumatatu kupiga picha za shamba. Bujiku akawaita watu wa nyumbani mwake.

"Mgeni asikute aibu kwetu," alisema. "Uwanja ufagiliwe. Shamba nalo lisafishwe."

Baba alimaanisha magugu. Lakini Jumamosi hiyo Limi alikuwa ameona jambo jingine: miche saba ya mbegu mpya ilikuwa imeanza kukunja majani. Kwao mgeni hafiki akakuta uchafu mlangoni, na machoni pa Limi miche ile ilikuwa uchafu. Alimfikiria Marcel akija kusimama ukingoni mwa shamba na kucheka. Jumapili, watu walipokuwa kanisani, yeye alibaki akisema tumbo linamuuma. Aliing'oa miche yote saba, akaibeba mpaka kwenye kifusi cha duara la zamani nyuma ya kilima, akaitupa huko. Kisha akafungua daftari, akaandika mara saba: *Umeliwa na mchwa.*

Daktari alikuja, akaona mapengo, akasoma daftari. "Mchwa wa huku hawana adabu," alisema, akapiga picha zake. Limi alitazama chini. Tangu siku ile hakupita tena njia ya kilimani.

Miche thelathini na mitatu iliyobaki ilistawi mpaka mwezi Oktoba, na sifa zikaenea. Hata Marcel alikoma kutania. Siku moja alikuja mwenyewe, mikono nyuma.

"Baba Limi, mkigawa pingili za kupanda za mbegu hiyo msinisahau. Shamba langu lote nitalifyeka, nipande hiyo hiyo."

Bujiku alitabasamu kwa namna ambayo Limi alikuwa hajaiona tangu ajali ya duara.

Ugawaji ulipangwa kufanyika Jumamosi, kabla mvua hazijaanza. Ijumaa mchana Daktari Eufrasia alifika na makala yake. Alikuwa na kawaida moja: hakupeleka makala yoyote gazetini kabla ya kuwasomea wale walioandikwa ndani yake. Majirani wapatao kumi walikusanyika uwanjani. Mama Limi alileta michembe, viazi vilivyokaushwa, ndani ya ungo. Limi alitumwa akawarudishe mbuzi waliotoroka.

Mbuzi walikuwa wamepanda kilimani. Limi aliwafuata, akiwaapiza, mpaka akajikuta mbele ya kile kifusi. Akasimama kama aliyegongwa.

Muhogo haufi kwa kutupwa. Mashina aliyoyatupa yalikuwa yameota katikati ya mawe na udongo mwekundu. Yalikuwa mafupi, yamepinda, na kila jani lilikuwa limejikunja na kujaa madoa ya njano. Yalikuwa saba. Hakuwa na haja ya kuyahesabu, lakini aliyahesabu.

Aliporudi nyumbani, sauti ya Daktari ilikuwa ikisoma: "'Katika shamba la Bujiku, hakuna mche hata mmoja wa mbegu hii ulioshikwa na batobato. Saba ililiwa na mchwa. Iliyobaki yote ni mizima. Wakulima wa ukanda huu wanaweza kuipanda bila hofu.'"

Watu walipiga makofi. Marcel alipiga kuliko wote. "Bila hofu! Mmesikia? Kesho nakuja na panga langu na mkokoteni."

Limi alimtazama Marcel. Aliwajua watoto wake sita, na mdogo wao, Kudra, alikuwa akikaa naye dawati moja. Mwaka jana Kudra alikuja shuleni wiki nzima bila kula kwa sababu mihogo ya kwao ilikuwa imedumaa. Sasa baba yake alitaka kufyeka shamba lote, kwa ajili ya neno ambalo Limi alilitunga Jumapili moja.

Kisha alimtazama baba yake, na lile tabasamu.

"Limi, mbona unalia?" mama yake aliuliza.

"Si mchwa," Limi alisema.

"Nini?"

"Miche saba. Haikuliwa na mchwa. Mimi niliing'oa." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini uwanja ulikuwa umenyamaza. "Ilikuwa inaumwa. Niliitupa kwenye kifusi. Imeota, na bado inaumwa. Njooni muone."

Hakuna aliyetafuna mchembe tena. Bujiku aliinuka polepole. "Wewe, ng'wana Bujiku, mtoto wangu, unajua unachosema?"

"Ninajua, baba."

Marcel alicheka kicheko kikavu. "Kumbe! Mbegu ya mtaalamu, shamba la Bujiku, na ushahidi wa mtoto. Mimi na njaa yangu nilitaka kuamini."

Bujiku aliokota fimbo yake, akaongoza njia kuelekea kilimani, akichechemea mbele ya watu wote. Limi aliona bora angepigwa kuliko kumwona baba yake akitembea hivyo.

Kwenye kifusi Daktari Eufrasia alichuchumaa. Aliweka lenzi jichoni, akageuza jani la kwanza, la pili, mpaka la mche wa saba. Alichuma machache, akayatia kwenye bahasha za karatasi ili yakapimwe maabara. Kisha akaitoa makala yake mfukoni na kuichana vipande viwili.

"Kesho hatutagawa pingili," aliwaambia watu. "Nilikosa mimi pia. Niliona mapengo saba, sikuchimba kutafuta hata njia moja ya mchwa. Niliipenda habari nzuri, nikaacha kuiuliza."

Majirani waliondoka mmoja mmoja. Marcel alikuwa wa mwisho. Alisimama mbele ya Limi, akakuna kidevu.

"Ungenyamaza, ningefyeka shamba," alisema. Hakusema asante. Lakini hakucheka.

Majibu ya maabara yalikuja baada ya wiki tatu: ilikuwa batobato kweli. Mbegu ile haikuwa mbaya, kwa kuwa mingi ya miche yake ilikuwa imesimama imara, lakini haikuwa ya kupandwa bila hofu. Daktari alirudi na makala mpya, akaisoma uwanjani pale pale. Iliwaambia wakulima wajaribu miche michache kwanza, waikague kila wiki, waing'oe iliyougua na kuichoma, na wasikate pingili kwenye shina linaloumwa. Ilieleza pia, bila kutaja jina, jinsi miche saba ilivyofichwa na jinsi ilivyoota.

Gazeti lilipofika kutoka dukani kwa Hozefa, Bujiku alilikunja, akaliweka juu ya kabati pamoja na vyeti vya ubatizo. Kisha akamwita Limi.

"Nilisema mgeni asikute aibu," alisema. "Nilikufundisha nusu. Ugonjwa si aibu. Aibu ni kuuficha mpaka umfikie jirani."

Limi alishindwa kuinua macho. Daktari alipokuja tena kijijini, alimrudishia daftari la bluu kwa mikono miwili.

Daktari hakulipokea. "Sikiliza, mwanangu. Mmea haujui Kiswahili wala Kisukuma. Mtafiti ni mkalimani wake, na anayeandika ni mkalimani pia. Mkalimani akidanganya, pande zote mbili hupotea: mmea hausikiki, na mtu hulala njaa. Ukitaka kazi hii siku moja, soma sayansi kwa bidii, jifunze kuandika vizuri, lakini anza na hili. Sema kilichopo, hata kama kinakuumiza wewe kwanza. Hilo umeshalifanya mara moja. Sasa lifanye kila Jumamosi."

Mvua zilianza. Bujiku alipanda tena miche arobaini, na Marcel, kwa mara ya kwanza, alipanda mitano kwake ili aijaribu. Jumamosi moja asubuhi, majani yakiwa bado na maji, Limi alifika kwenye mche wa tisa. Jani moja la juu lilikuwa limejikunja kidogo sana, kiasi kwamba mtu mwingine asingeliona.

Aligeuza jani lile mara mbili. Kisha akafungua daftari, akaandika: *Mche wa tisa. Umeanza kuugua.* Halafu akaenda kumwita baba yake aje autazame.