Kinyonga wa Vigae

Tumpe anaishi Mbeya, karibu na soko. Asubuhi Mbeya ina baridi. Tumpe akipuliza, mdomoni hutoka moshi mweupe. Fuuu!

Tumpe alikuwa na kikombe cha njano. Njano kama ndizi mbivu. Kila asubuhi alikitumia kunywa chai ya maziwa, akikishika kwa mikono miwili ili viganja vipate joto.

Siku moja kikombe kiliteleza. Pwaa! Kikapasuka vipande viwili.

"Pole, mwanangu," alisema Mama. "Nikitupe?"

"Usikitupe, Mama!" Tumpe akakificha chini ya kitanda, pamoja na viatu.

Kisha akaja Fundi Sekela. Alikuwa akitengeneza picha kubwa kwenye ukuta wa soko. Hakutumia rangi. Alitumia vyombo vilivyovunjika.

Alipita nyumba kwa nyumba na ndoo yake, akiita:
"Kilichovunjika, nipeni! Kilichovunjika, nipeni!"

Mama alitoa bakuli la bluu. Lusajo, mtoto wa jirani, alitoa sahani nyeupe.
"Niliivunja mimi mwenyewe!" alisema Lusajo kwa maringo.

Tumpe aliingia ndani. Akatoka polepole.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu."

"Hiki ni kikombe changu. Utakiweka pazuri?"

"Nitakiweka pazuri sana," alisema Fundi Sekela.

Kikombe kikaingia ndani ya ndoo. Kli, kli!

Siku nyingi ukuta ulifunikwa turubai. Nyuma ya turubai nyundo ililia. Ko, ko, ko!

"Ni picha ya nini?" watoto waliuliza.

"Subirini," alijibu Fundi Sekela. Ko, ko, ko!

Ikafika siku ya sherehe. Ngoma zikalia, dum du dum! Wauza viazi waliacha viazi. Wauza ndizi waliacha ndizi. Wote walisimama mbele ya ukuta.

Turubai ikavutwa. Shwaaa!

Kinyonga! Kinyonga mrefu kuliko lori! Mgongo wa kijani, tumbo la bluu, mkia umejiviringa kama konokono.

"Mama yangu! Kinyonga!" alipiga kelele muuza viazi, akarudi nyuma.

"Huyu haumi, mama," alisema Fundi Sekela. "Ni vyombo vyenu tu."

Watu wakacheka. Vigelegele vikapanda juu. Kisha kila mtu akaanza kutafuta chombo chake.

"Bakuli langu lile, tumboni!" alisema Mama.

"Sahani yangu ndiyo jicho!" alisema Lusajo. "Ananiangalia mimi!"

Tumpe naye akatafuta. Alianzia kichwani.

Kikombe changu cha njano, uko wapi?
Niko hapa, nakutafuta.

Akatazama shingoni. Akatazama mgongoni. Hakukiona.

"Kinyonga amekimeza!" alisema Lusajo. "Amekunywa na chai yako!"

Watoto wakacheka. Tumpe hakucheka. Akaenda mpaka mkiani.

Kikombe changu cha njano, uko wapi?
Niko hapa, nakutafuta.

Hakukiona kikombe. Hakuuona hata mkono wake wa kushikia. Macho ya Tumpe yakajaa machozi.

"Fundi," alisema, "ulisema utakiweka pazuri."

Fundi Sekela alichuchumaa. "Ulikuwa unatafuta kikombe chenyewe?"

"Ndiyo. Vile vipande vyangu viwili."

"Pole, Tumpe. Mgongo wa kinyonga umepinda. Kigae kikubwa hakilali vizuri, kinadondoka. Kwa hiyo nilikigonga. Ko, ko, ko. Kikawa vigae vidogo vidogo."

Tumpe akashtuka. "Ulikivunja tena?"

"Nilikivunja tena. Nilipaswa kukuambia kwanza. Sikukuambia."

Tumpe aliutazama ukuta. Ngoma ziliendelea, dum du dum, lakini yeye alizisikia kama ziko mbali.

Kisha Tumpe akafuta pua. "Hivyo vidogo viko wapi?"

"Kila mahali palipotaka njano. Sogea karibu. Karibu kabisa. Tazama mguu."

Tumpe akasogea mpaka pua yake ikagusa ukuta. Kwenye kidole cha kinyonga kulikuwa na kigae kidogo sana. Njano kama ndizi mbivu!

Kikombe changu cha njano, uko wapi?
Niko hapa!

Tumpe akakigusa. Jua lilikuwa limekipiga, kikawa na joto.

Akatazama goti. Kigae kingine!

Kikombe changu cha njano, uko wapi?
Niko hapa pia!

"Tumpe, njoo!" aliita Lusajo. Alikuwa amelala chali chini ya ukuta. "Kimoja kiko huku tumboni! Hakijamezwa, kimejificha!"

Tumpe naye akalala chali. Kweli, kigae kimoja cha njano kilikuwa katikati ya bluu, karibu na bakuli la Mama.

"Kipo kingine mkiani!" alisema mtoto mmoja.

"Na mdomoni! Kinyonga anacheka kwa njano!"

Mama akamwinua Tumpe juu, juu kabisa. Na juu ya mgongo, mahali palipopinda, vigae vya njano vilifuatana kama siafu. Tumpe akavipapasa kimoja kimoja. Vyote vimelala vizuri. Hakuna hata kimoja kilichotikisika.

"Havidondoki, Fundi!" aliita Tumpe.

"Havidondoki," alisema Fundi Sekela. Akatabasamu.

Watoto walitafuta mpaka jua likazama nyuma ya mlima. Walitafuta mpaka akina mama wakaanza kuita majina. "Lusajo! Maji ya kuoga yanapoa!"

Usiku ule Mama alimfunika Tumpe blanketi mpaka kidevuni.

"Umeviona vigae vyote vya kikombe chako?"

"Bado, Mama."

"Una huzuni?"

Tumpe akafikiri kidogo.

"Hapana. Nikivimaliza leo, kesho nitatafuta nini?"

Mama akacheka kwa sauti ndogo. Akazima taa.

Nje ukungu ulishuka sokoni. Ukamfunika kinyonga, kidole kwa kidole, goti kwa goti, mpaka mgongoni.

Na Tumpe akalala. Fuuu… fuuu…