Piano Isiyo na Mpigaji

Kama kuna mahali pabaya pa kutafutia mchumba, ni kwenye nyumba ya Mzungu anayeuza vitu vyake arudi kwao. Watu hawatazamani usoni, wanatazama friji. Lango la nyumba ile ya mtaa wa Himbi, mjini Goma, lilipofunguliwa, waliingia kwa viwiko. Umwiza, kikwembe chake cha kijani kimekazwa kiunoni, alikwenda moja kwa moja kwenye piano kuukuu ya sebuleni. Akamkuta mwanaume mwenye unga wa mbao kwenye nywele akiigongagonga ubavuni.

“Papa, hiyo ni yangu.”

“Tangu lini?”

“Tangu niliiona. Weye unajua kuipiga?”

“Hata kidogo. Niko seremala. Nataka mbao zake, nitoe kabati mbili.”

“Kabati! Yesu wangu! Mutu anaona piano, anawaza kabati!”

“Na weye unajua kuipiga?”

“Sijue. Niko na salle, ukumbi wa harusi. Mabibi harusi watasimama pembeni, wapigwe picha.”

Yule mwanaume akacheka mpaka akashika ukuta. “Kumbe tuko wajinga wawili! Chukua basi. Lakini mguu mumoja umeoza. Ilete kwangu Katoyi, nitautengeneza.”

“Na huu waya wa umeme nyuma?”

“Pengine ilikuwa na taa.”

Umeme haukuwepo siku hiyo, kwa hiyo hakuna aliyejaribu. Umwiza akainunua, akaipeleka Katoyi kwa yule seremala, jina lake Célestin. Ndani ya mwezi mmoja Umwiza alikuwa amekwenda kuukagua mguu wa piano mara nyingi kuliko mguu wowote unavyohitaji.

“Cheri, mguu umepona?” aliuliza kwenye simu.

“Mguu umepona. Anayeutengeneza ndiye mugonjwa sasa.”

“Dawa yake ni nini?”

“Weye unaijua, unajifanya tu.”

Basi wakapendana, na mwezi wa tatu Célestin akasema baba yake atatoka Vitshumbi, kijiji cha wavuvi, aje na wajomba wawili kumposa. Baba yake Umwiza akakubali, ikapangwa Jumapili.

Umwiza alikuwa na sharti moja. Mwanaume mmoja wa mji wa Kiwanja alimdanganya miaka miwili, kumbe ana mke na watoto watatu. “Uniudhi, tutagombana, tutapatana,” alimwambia Célestin. “Lakini uongo mumoja tu, naenda.” Célestin naye akamweleza yake yote, pamoja na Bénita, mchumba wake wa zamani, yule anayepiga kinanda kanisani. Waliachana kwa amani, alisema.

Alhamisi kabla ya posa, Célestin alifungua kibao cha mbele cha piano. Ndani akakuta viriba vya kuvutia hewa, mipira myembamba iliyopasuka, na karatasi ndefu iliyoviringwa, imetobolewa matundu kama maharagwe yaliyoingiwa na wadudu. Alikuwa na mipira midogo ya pampu. Akabadilisha mmoja baada ya mwingine, umeme uliporudi akachomeka waya.

Vibao vya kupigia vikaanza kushuka vyenyewe. Wimbo ukatoka. Mama Thérèse, jirani anayeuza makala, yaani mkaa, alipiga kelele, kisha akacheka hadi machozi. Célestin akampigia Umwiza kwa furaha.

“Sikiliza, cheri!”

Umwiza akasikiliza. Vidole vya fundi kabisa. “Nani anapiga?”

“Hakuna mutu!”

“Célestin, nani anapiga?”

“Inajipiga yenyewe, nakuapia!”

“Na huyo mwanamuke anayecheka?”

“Mama Thérèse wa makala.”

“Mama wa makala anapiga piano hivyo?”

“Hapana, piano inajipiga!”

“Na sufuria yangu inajipikia. Miye niko mutoto? Umwambie Bénita anapiga vizuri.”

Akakata, akaizuia namba yake. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, sawa. Lakini kusema kweli, hata mimi nisingemwamini Célestin.

Usiku uleule Umwiza alimwambia baba yake kwamba posa haipo. Mzee wa Vitshumbi, aliyekwisha kufika Goma, akapewa habari na mwanawe. Akarudi kwake bila kuuliza lolote.

Wiki mbili baadaye wabebaji sita waliiingiza piano ndani ya salle. Célestin hakuja. “Alisema uchomeke waya, ukae, usiiguse,” mmoja alisema.

Umwiza akachomeka. Wasichana waliokuwa wakifunga maua wakakimbilia mlangoni wakimwita Yesu. Yeye hakukimbia. Aliketi mbele ya vibao vinavyopanda na kushuka, akaona aibu mpaka masikio yakawaka. Alipanda pikipiki kwenda Katoyi na gauni lake la kazi.

Célestin hakuacha kupiga randa. “Imekataa kupiga?”

“Imepiga. Nisamehe, Célestin. Nilikosea.”

“Simu hainiumize. Nilikuambia kweli, ukanilipisha uongo wa mutu wa Kiwanja. Hiyo ndiyo inaniuma.”

“Najua. Nakupenda, nami nilikutenda vibaya. Mwambie muzee wako arudi.”

“Siwezi. Nilimwaibisha mara moja, inatosha.”

Umwiza akanyoosha mkono. “Nipe namba yake.”

“Umwiza, binti hapigiake baba mukwe kumuita kwenye posa!”

“Nipe.”

Célestin akaweka randa chini. Simu ikaita muda mrefu kabla mzee hajapokea.

“Jambo, Muzee. Ni miye Umwiza, yule aliyewarudisha. Mutoto wako hakukosa kitu, kosa ni langu. Naomba murudi.”

Huko ng'ambo ya simu watu walikuwa wakiitana ufukweni.

“Mutoto,” mzee alisema mwishowe, “miaka sabini na moja, sijasikia binti anaita wageni mwenyewe. Baba yako anajua kama unanipigia?”

“Hapana, Muzee. Nitamwambia leo.”

Umwiza alifumba macho.

“Umuulize, basi, anakula samaki mubichi ao mukavu. Siwezi kuja mikono mitupu mara ya pili.”